Tabibu wa Mbali: Mhandisi Alindaye Afya ya Wasafiri wa Anga

Kila mama aliyehudhuria kliniki ya wajawazito miaka hii ya karibuni aijua mashine ya ultrasaundi. Hupakwa mafuta ya baridi tumboni, kifaa kidogo kikapitishwa juu ya ngozi, na pale kwenye kioo akaonekana mtoto ambaye bado hajazaliwa. Mashine ya namna hiyo hiyo imepandishwa hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kinachoizunguka dunia kwa urefu wa takriban kilomita 400 juu ya vichwa vyetu. Huko hakuna mjamzito wala mkunga. Lakini ni mashine hiyo iliyogundua, ndani ya mshipa wa shingo wa msafiri mmoja, bonge la damu ambalo lau lingeng'oka na kwenda mapafuni lingeweza kumuua.

Wiki hii twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za watu walioiweka mashine ile pale na kuifanya iweze kutumika. Hao ni wahandisi wa tiba: watu wasioandika dawa wala kupasua wagonjwa, bali hutengeneza, hupima na kulinda vifaa ambavyo daktari bila hivyo hana macho wala mikono. Tumeichagua mada hii kwa kuwa mabinti wetu wengi wapendao sayansi huambiwa kwamba mlango ni mmoja tu, nao ni udaktari. Binti akikosa alama za mlango huo, nyumba nzima hununa kana kwamba kumetokea msiba. Kumbe pembeni yake upo mlango mwingine, na nyuma yake kuna kazi ya kuhifadhi roho za watu.

Mwili usiobeba kitu

Kwanza tufahamu ni nini kinachomsibu mtu akiwa huko juu. Si kwamba mvutano wa ardhi haufiki, wafika. Ila chombo na waliomo ndani yake huwa wanaanguka pamoja muda wote huku wakiizunguka dunia, kwa hiyo hakuna anayehisi uzito wake. Mtu huelea kama unyoya.

Jambo hilo laonekana kuwa ni raha, lakini mwili haukuumbiwa hivyo. Mifupa ya nyonga na miguu, ambayo hapa chini hutubeba usiku na mchana, huko haina kazi. Nayo mifupa isiyo na kazi huanza kuyeyuka: mwanaanga asiyejilinda hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mifupa hiyo kila mwezi. Bibi zetu waliokwisha kukoma hedhi hupoteza kiasi kinachokaribia hicho kwa mwaka mzima, nasi twajua jinsi kuteleza mara moja bafuni kunavyoweza kumvunja bibi nyonga. Chokaa inayotoka mifupani huingia katika damu, kisha katika mkojo, na hapo huzuka hatari ya pili, nayo ni mawe ya figo.

Damu na maji ya mwili nayo hupotea njia. Hapa chini ardhi huyavuta kuelekea miguuni. Huko juu hupanda kichwani. Uso huvimba, miguu hukonda. Mwaka 2011 wataalamu walichapisha uchunguzi wa wanaanga 7 waliokaa angani kwa takriban miezi 6, wakaeleza mabadiliko waliyoyaona machoni mwao: kuvimba kwa mshipa wa fahamu wa jicho na kubonyea kwa nyuma ya jicho lenyewe. Mtu aliyeondoka akiona vizuri alirudi akihitaji miwani ya kusomea. Ndipo ilipojulikana kwamba safari ndefu ya anga ni mtihani wa macho pia, na tangu hapo vifaa vya kupigia picha ndani ya jicho vikawa sehemu ya mizigo ya kituo.

Mashine badala ya uzito

Basi mhandisi wa tiba huanza kazi yake kwa swali lililo jepesi kulitamka na zito kulijibu: vipi utaupa mwili mzigo mahali ambapo mizigo haina uzito? Ukimpa mwanaanga chuma cha kilo 100 atakinyanyua kwa kidole kimoja.

Jibu moja ni mashine ya mazoezi iliyopelekwa kituoni mwaka 2008. Haina vyuma vya kunyanyua. Ina mitungi miwili iliyoondolewa hewa ndani, na mwanaanga anaposukuma wenzo huwa anashindana na nguvu inayorudisha pistoni ndani ya mitungi hiyo. Mfano wake ni bomba la sindano: ukiliziba mdomo kwa kidole kisha ukavuta mpini, utauhisi ukikuvuta kurudi. Kwa njia hiyo mtu aweza kusukuma mzigo ulio sawa na kilo 270 hivi hapa ardhini. Iko pia baiskeli isiyo na kiti, na iko mashine ya kukimbilia ambayo mkimbiaji hufungwa kwa mikanda ya kumvuta chini, la sivyo hatua ya kwanza tu itamrusha darini.

Kisha huzuka shida nyingine ambayo asiye fundi hangeiwaza. Mtu akikimbia, chombo kizima hutikisika, na mtikisiko huo huharibu majaribio ya kisayansi na kuchosha kuta za kituo. Kwa hiyo mashine hizo hazikupigiliwa ukutani moja kwa moja. Zimewekwa juu ya vifaa vya kumeza mtikisiko. Huko mazoezi si jambo la hiari. Hutengewa takriban saa mbili na nusu kila siku pamoja na muda wa kujitayarisha. Hata jasho halipotei: hukusanywa kutoka hewani, likasafishwa pamoja na mkojo, likawa maji ya kunywa. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mitambo hiyo imefikia kurejesha asilimia 98 ya maji.

Ama maji yanayopanda kichwani, Warusi wana suruali maalumu iitwayo Chibis. Hewa hupunguzwa ndani yake, nayo huivuta damu irudi miguuni kwa muda. Ni fikra nyepesi, lakini yataka mtu anayeujua mwili na anayeijua pampu kwa pamoja. Huyo ndiye mhandisi wa tiba.

Kuusikiliza moyo kutoka mwezini

Kazi ya pili ya mhandisi huyu ni kumfanya aliye mbali asikike. Tangu safari za mwanzo, wanaanga wamekuwa wakibandikwa kifuani vipokezi vidogo vinavyonasa mapigo ya moyo na kuyatuma ardhini.

Mwezi wa Agosti 1971, katika safari ya Apollo 15, James Irwin alikuwa ametoka kufanya kazi ngumu juu ya uso wa mwezi. Waliokuwa Houston, Marekani, umbali wa takriban kilomita 384,000, waliona kwenye michoro yao kwamba moyo wake umeanza kupiga pasi na mpangilio wake wa kawaida. David Scott, mkuu wa safari, naye alionyesha hitilafu. Baadaye madaktari walishuku kwamba miili yao ilikuwa imepungukiwa na madini ya potasiamu, yale yanayopatikana kwa wingi katika ndizi na machungwa. Safari iliyofuata, Apollo 16 ya mwaka 1972, ilipelekewa vinywaji vya matunda vilivyoongezwa madini hayo. Irwin alipata mshtuko wa moyo mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 43 tu.

Kisa hicho kina upande wa pili, nao twaona unatuhusu sote. Scott na Irwin hawakuambiwa wakati ule kile kilichoonekana. Waliokuwa chini walikijua kifua cha mtu kuliko mwenyewe alivyokijua. Je, ilikuwa haki? Wako watakaosema kwamba kumwambia msafiri habari ambayo hawezi kuifanyia lolote ni kumwongezea hofu tu. Wako nao watakaosema kwamba mwili ni wake, na habari zake ni haki yake. Sisi twaegemea upande wa pili. Kifaa kinachochungulia ndani ya mtu kimepewa amana, na amana ina mwenyewe. Hilo lawahusu hata wale wanaoshika mafaili katika hospitali zetu.

Bonge la damu

Turejee kwa yule msafiri wa mwanzo. Habari zake zilichapishwa na madaktari mwanzoni mwa mwaka 2020. Jina lake halikutajwa, wala haikuelezwa kama ni mwanamume au mwanamke. Hiyo ni sitara, na tofauti yake na kisa cha 1971 yaonekana.

Wanaanga 11 walikuwa wakipimwa mishipa ya shingo kwa ajili ya utafiti wa jinsi damu inavyotembea angani. Katika 6 kati yao damu ilionekana imesimama au inarudi nyuma. Mmoja wao, aliyekuwa amekaa juu takriban miezi miwili na asiyehisi maumivu yoyote, alikutwa na bonge katika mshipa wa upande wa kushoto. Alijipima mwenyewe, huku wataalamu wa ardhini wakimwelekeza kwa maneno: sogeza kidogo, inamisha, bonyeza, hapo hapo. Ufundi huo wa kumwongoza asiye mtaalamu ulikuwa umekwisha kujaribiwa kituoni miaka ya 2004 na 2005, pale wanaanga walipopimana mabega kwa maelekezo ya wataalamu wa ardhini.

Dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda ilikuwepo, lakini chache. Ikabidi kipimwe kiasi cha kila siku ili ifike hadi chombo cha mizigo kitakapoleta vidonge. Kuvuta dawa kutoka kichupani nako si kama tulivyozoea, kwa kuwa mahali pasipo na uzito dawa haitulii chini na hewa haipandi juu, huchanganyika. Msafiri alidungwa sindano kwa siku 40 na kitu, kisha akaendelea na vidonge. Aliziacha dawa siku 4 kabla ya kurudi, kwa kuwa mtu mwenye damu isiyoganda akiumia wakati wa kutua aweza kutokwa na damu bila kikomo. Alitua salama, na bonge halikuhitaji tiba zaidi.

Tuhesabu ni mikono mingapi iliyomwokoa. Daktari aliamua dawa, naam. Lakini mbele yake alitangulia aliyeifanya mashine iwe ndogo na imara kiasi cha kustahimili mtikiso wa roketi, aliyehakikisha haiingiliani na mitambo mingine ya chombo, na aliyeandika maelekezo ambayo mtu asiye daktari aweza kuyafuata.

Safari ya sayari ya Mirihi itakuwa ngumu zaidi. Sauti huchukua dakika kadhaa kufika huko, na sayari inapokuwa mbali hupita dakika 20 kwa upande mmoja tu. Hapo hapatakuwa na kuambiwa "sogeza kidogo". Kwa hiyo wahandisi wa leo wanahangaika na vifaa vitakavyomwelekeza mgonjwa vyenyewe.

Vazi na kipimo cha mwanamke

Vazi la kutokea nje ya chombo nalo ni kazi ya wahandisi, kwani ni nyumba ndogo yenye hewa, maji na ubaridi wake. Likikosea, hakuna pa kukimbilia. Tarehe 16 Julai 2013 Mwitaliano Luca Parmitano alikuwa nje ya kituo pale maji ya kupozea vazi yalipoanza kuvuja ndani ya kofia yake. Yalimfunika pua na macho, akarudi mlangoni kwa kupapasa. Zaidi ya lita moja ya maji ilikuwa imeingia. Dawa iliyowekwa baadaye ilikuwa nyepesi ajabu: pedi ya kunyonya maji nyuma ya kichwa, na mrija wa plastiki wa kuvutia hewa kutoka sehemu ya chini ya vazi.

Mwaka 2019 ikaja habari inayowahusu zaidi dada zetu. Ilipangwa kwamba mwezi wa Machi wanawake wawili, Anne McClain na Christina Koch, watoke nje pamoja bila ya mwanamume, jambo ambalo halijapata kutokea. Ikaonekana kwamba wote wawili wafaa kifua cha vazi cha kipimo cha kati, na kilichokuwa tayari ni kimoja tu. Mavazi yale yalisanifiwa miaka ya 1970, wakati waliowaziwa zaidi walikuwa wanaume, na vipimo vidogo havikupewa umuhimu. McClain akampisha mwenzake wa kiume. Vazi la pili lilitayarishwa, na tarehe 18 Oktoba 2019 Koch na Jessica Meir wakatoka pamoja, wakafanya kazi kwa zaidi ya saa 7.

Pasipo na mwanamke mezani pa usanifu, kipimo cha mwanamke husahauliwa. Hilo si la angani peke yake. Ni la kitanda cha kuzalia kilicho kirefu mno, na ni la mashine ya kupimia matiti isiyomjali anayepimwa.

Waislamu waliotangulia

Wasomaji wetu wengine huuliza kama haya ni mambo ya watu wengine. Tarehe 10 Oktoba 2007, ikiwa ni Ramadhani, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia, daktari wa mifupa, aliondoka kuelekea kituoni. Wanazuoni wa nchi yake walimwandalia mwongozo wa ibada: aelekee kibla kwa kadiri ya uwezo wake, na saumu aweza kuilipa arudipo. Mwaka 2023 Sultan AlNeyadi wa Falme za Kiarabu alikaa huko takriban miezi 6, naye alieleza kwamba msafiri ana ruhusa ya kutofunga. Ruhusa hiyo twaielewa vyema zaidi tukiyakumbuka yale tuliyoyataja kuhusu mawe ya figo, kwani mwili unaomwaga chokaa hauna budi kunywa maji mengi.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo Rayyanah Barnawi alikuwa mwanamke wa kwanza wa Saudi Arabia kufika angani. Yeye ni mtafiti wa sayansi ya tiba aliyetumia miaka mingi katika utafiti wa saratani, na huko juu alichunguza jinsi chembe za kinga za mwili zinavyotenda pasipo na uzito.

Pwani yetu nayo haiko mbali na habari hizi. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Aliyeongoza mradi huo upande wa Marekani alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, mhandisi wa elektroniki. Wazee wa Ngomeni waliona moto wa roketi ile. Ni wachache walioambiwa kwamba nyuma yake alisimama mwanamke.

Kutoka angani hadi wodini

Sasa tuseme lile lililotufanya tushike kalamu. Mara ngapi tumefika na mgonjwa mahali, tukaambiwa mashine ipo lakini haifanyi kazi? Ilipoletwa ilipigwa picha na kukatiwa utepe. Mwaka mmoja baadaye imefunikwa shuka, kwa sababu ya fyuzi, au kichujio kilichojaa vumbi, au chumvi ya bahari iliyokula waya. Mgonjwa huandikiwa safari ya mji mwingine, na jamaa huanza kuchangishana nauli. Mtoto njiti hasubiri nauli.

Mwanaanga aliye kilomita 400 juu yetu alipata kipimo na dawa kwa sababu walikuwapo watu ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha kifaa kimoja kidogo hakifi. Mama wa Kiunga au wa Faza, ambaye kati yake na daktari bingwa kuna bahari, ana haja ile ile. Muuguzi wa zahanati aweza kushika kifaa cha ultrasaundi huku daktari wa Mombasa akimwelekeza kwa simu, kama alivyoelekezwa yule msafiri. Ila lazima kifaa kiwe kizima, kimepimwa usahihi wake, na betri yake iwe na uhai.

Njia ya kuifikia kazi hii ipo hapa nchini. Chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, hutoa stashahada ya uhandisi wa tiba, na Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha shahada yake. Masomo ya kushikiliwa tangu sekondari ni fizikia, hisabati, kemia na baiolojia. Binti asiyependa kuona damu lakini apendaye kufungua redio mbovu ya babu yake ili ajue kilichoharibika, huyo twawaomba wazazi msimkemee. Mpeni bisibisi.

Twajua kwamba si kila binti atakayesoma uhandisi atafika Houston, wala hatumwombei lazima afike huko. Inatosha kwamba usiku mmoja, katika wodi ya watoto, mashine ya joto itaendelea kuwaka kwa sababu yeye aliikagua asubuhi. Mama wa mtoto yule hatalijua jina lake. Mwenyezi Mungu analijua, na malipo yako Kwake.

Twamwomba Mola awafungulie watoto wetu elimu yenye manufaa, na awape shifaa wagonjwa wetu, walio karibu na walio mbali. Amin.